Kifuniko cha Tangi la Samaki Nilichokijenga Mara Mbili

Samaki wa kwanza nilimkuta asubuhi nyuma ya meza ya tangi, amekauka na kujikunja, mkia wake wa manjano umegandamana na vumbi la sakafu. Alikuwa dume wa Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika ambaye urefu wake hauzidi sana sm 10. Tofauti na wengi wa ziwa hilo wanaokaa karibu na miamba, huyu huishi kwa makundi katikati ya maji, akiokota vijidudu vinavyoelea, na anaposhtuka huruka. Tangi langu lilikuwa limefunikwa kwa vipande vitatu vya kioo, na kati ya kipande cha pili na cha tatu nilikuwa nimeacha mwanya wa vidole viwili ili kupitisha bomba la kichujio na nyaya. Katika sm 180 za urefu wa tangi lile, samaki yule aliuona mwanya huo mmoja.

Ndipo nilipoamua kujenga kifuniko cha mbao. Nikisema kifuniko nakusudia sanduku lisilo na sakafu linalokaa juu ya ukingo wa kioo, lenye kuta na paa linalofunguka, ambalo ndani yake huning'inia taa na kupita nyaya na mabomba, nalo huwazuia samaki wasiruke na mwanga usimpige machoni aliyeketi chumbani. Nilikijenga mara mbili. Cha kwanza kilikaa miezi saba kabla sijakivunja kwa nyundo. Cha pili bado kipo, na sasa kinaelekea mwaka wa tano. Zana zilikuwa zilezile na mikono ileile. Kilichobadilika ni kwamba cha kwanza nilikibuni kama samani ya kutazamwa na mtu aliyekaa kitini, wala sikujiuliza hewa ya ndani yake itakuwaje, au mikono yangu itapita wapi kila siku.

Kwa kuwa cha pili hakieleweki bila makosa ya cha kwanza, nianzie hapo.

Nilichagua ubao wa MDF wa unene wa mm 18, yaani ule unaotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Ninakiri kwamba ulinivutia kwa sababu za uvivu: haupasuki unapokatwa, hauna vifundo, na hupokea rangi vizuri kama karatasi. Kuta nilizipa kimo cha sm 30, kwa kuwa nilipochora kwenye daftari kimo hicho kilipendeza macho. Viungo nilivifunga kwa gundi na skrubu, nje nikapaka rangi nyeusi ya mafuta mara tatu, na ndani rangi nyeupe mara mbili ili mwanga urudi majini. Kilipokamilika kiling'aa hata nikaona haya kukifunika kwa shuka. Hesabu ya uzito niliifanya baadaye, nilipokuwa nimekwisha kujua jibu kwa mgongo wangu: ubao wa aina hiyo huwa na kilo 13 hadi 14 kwa kila mita ya mraba, nami nilikuwa nimetumia karibu mita za mraba 2.8, kwa hiyo sanduku langu lilifikia kilo 38 kabla ya taa.

Tulilibeba watu wawili, tukalishusha juu ya tangi, na likakwama. Pembeni liliingia vizuri kabisa, ila katikati liligoma. Nilidhani nimekata vibaya, nikapima tena, nikakuta vipimo vyangu ni sahihi. Kilichokuwa si sahihi ni kioo. Tangi refu likijaa maji, kioo chake cha mbele na cha nyuma husukumwa na kutuna kidogo kuelekea nje, na mtuno huo huwa mkubwa zaidi katikati, mbali na pembe zinazokishikilia. Mimi nilikuwa nimepima kwenye pembe tu, tena nikiwa na fahari ya kuacha nafasi ya mm 1 peke yake. Katikati kioo kilikuwa kimetuna mm 2 mbele na mm 2 nyuma.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichokiua kifuniko, ingawa siku ile nilijiona mwerevu. Nilichukua tupa na msasa, nikakwangua upande wa ndani wa kuta mbili ndefu, chini kabisa, kwa urefu wa kama sm 70, mpaka sanduku likaingia. Rangi yote ya mahali hapo ilitoka, ubao ukabaki mtupu na wenye manyoya. Nilijiambia kwamba nitapaka tena mwishoni mwa wiki. Sikupaka. Sehemu hiyo haikuonekana kutoka kwenye kiti, na ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maji kuliko nyingine yoyote.

Tatizo la pili lilijitokeza nilipotaka kusafisha mchanga. Meza yangu ina kimo cha sm 75, tangi sm 60, na kuta za kifuniko sm 30. Ukingo wa juu ambao mkono wangu ulipaswa kuuvuka ulikuwa sm 165 kutoka sakafuni, na mchanga ulikuwa karibu sm 90 chini ya ukingo huo. Mkono wangu hauna urefu wa sm 90. Nilipanda kwenye stuli, nikaingiza bega zima ndani ya sanduku, shavu likiwa limegusa mrija wa taa yenye moto, paa la kipande kimoja likiwa limeegemea kisogo changu, na bado vidole havikufika chini. Tangu siku hiyo, kila nilipohitaji kufanya kazi ya maana majini, ilibidi nimwite mtu tukiondoe kifuniko kizima. Mtu akilazimika kumwita mwenzake ili asafishe tangi, basi tangi husafishwa mara chache. Ndivyo ilivyokuwa, na mwani ulikuwa shahidi.

Ndani nilifunga mirija minne ya T5, yaani taa za mirija myembamba ya kioo, kila mmoja wa wati 54, pamoja na vifaa vyake vya kuwashia, vyote ndani ya sanduku lililofungwa pande zote isipokuwa tundu dogo la nyaya. Ni wati 216 za taa zilizofungiwa juu ya maji. Katika wiki ya kwanza kipimajoto kilipanda kutoka nyuzi 26 hadi karibu nyuzi 30 za Selsiasi kila jioni, kisha kikashuka usiku. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi, na samaki wake hawakuzoea kupandishwa na kushushwa namna hiyo kila siku. Lililo baya zaidi ni kwamba maji yanapopata joto hubeba hewa kidogo: maji baridi ya nyuzi 25, nikisema baridi nina maana yasiyo na chumvi, yanaweza kushika takribani mg 8.3 za oksijeni kwa lita, ilhali kwa nyuzi 30 hushika karibu mg 7.6. Huku uwezo huo ukipungua, mwili wa samaki nao hudai oksijeni zaidi kwa sababu ya joto lilelile. Niliwaona wakihema karibu na uso wa maji, nikafungua paa na kuliacha wazi kila jioni, jambo lililofanya kifuniko kisiwe kifuniko tena.

Katika mwezi wa nne niligundua kwamba paa halifungi sawasawa. Katika wa tano skrubu zilianza kutoa machozi ya rangi ya kutu juu ya rangi nyeupe. Katika wa sita nilipitisha kidole chini ya ukuta wa mbele, pale nilipokwangua kwa tupa, nikahisi ubao umenenepa. Niliinama na tochi. Ukingo ulikuwa umevimba kama kidole kilichobanwa na mlango, rangi ya nje imechanika kwa mstari mrefu, na nyuzi za mbao zimefumuka.

Mjomba wangu alifanya useremala maisha yake yote hadi macho yalipompunguzia kazi. Alipokuja kututembelea nilimwamkia, nikamwonyesha. Hakuangalia rangi, alibonyeza ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, na ukucha ukazama.

“Mpwa wangu,” alisema, “maji umeyajengea nyumba ya karatasi.”

“Lakini mjomba, nilipaka rangi mara tatu.”

“Nje mara tatu. Ndani mara mbili. Na huku chini?”

Sikuwa na la kujibu. Alifungua paa, akaingiza mkono, akautoa umelowa ingawa hakugusa maji, akaupangusa kwenye suruali yake. Aliniambia kwamba maji ya kumwagika si adui mkubwa wa mbao, kwa kuwa humwagika, huonekana na hufutwa. Adui ni mvuke, ambao hauonekani, hauchoki, na huingia kupitia kila tundu la skrubu na kila ukingo uliosahauliwa. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: hewa inaingilia wapi na inatokea wapi? Nilimwonyesha tundu la nyaya. Alicheka mpaka akakaa.

Kabla ya kukata ubao wowote wa kifuniko cha pili nilijenga cha makaratasi. Nilikusanya maboksi makubwa, nikayaunganisha kwa utepe wa gundi hadi yakawa sanduku la ukubwa kamili, nikaliweka juu ya tangi likae wiki moja. Watu wa nyumbani walilionea aibu, lakini hakuna kazi nyingine katika shughuli hii nzima iliyonifaa kama hiyo. Siku ya pili niligundua kwamba kila nilipowalisha samaki nilikuwa nafungua paa la karibu mita mbili kwa ajili ya kutupa chembechembe kidogo za chakula, nikaamua kuweka kidirisha cha kulishia cha sm 12 kwa 15. Siku ya tatu niligundua kwamba paa likifunguka lingegonga rafu iliyo ukutani. Siku ya nne nilikata ukuta wa mbele wa karatasi kwa kisu, nikaingiza mkono, na kwa mara ya kwanza nikagusa mchanga nikiwa nimesimama kwenye stuli bila kuingiza kichwa. Kwa hiyo ukuta wa mbele ungepaswa kufunguka pamoja na paa, ukibakisha kizingiti cha sm 5 tu. Kimo nacho nilikipunguza kwa kukata karatasi kidogo kidogo hadi sm 22, nikaona kwamba mwonekano haukupoteza chochote.

Upimaji wa mara hii niliufanya tangi likiwa limejaa. Nilipima upana wa nje wa tangi mahali pengi kuanzia pembe hadi pembe, nikachukua kipimo kikubwa kuliko vyote, nikaongeza mm 4 kila upande. Nilipima pia mishazari miwili ya mdomo wa tangi, nikakuta imetofautiana kwa mm 3, maana yake tangi lenyewe halikuwa na pembe mraba kamili. Ingekuwa kazi bure kujenga sanduku lenye pembe kamili bila nafasi ya ziada. Nafasi ya mm 4 haionekani, kwa sababu ukuta wa kifuniko huteremka chini ya ukingo wa tangi kwa mm 25 na kuificha, pamoja na mstari wa maji ambao kwa kweli haupendezi. Uzito wote hubebwa na papi, yaani vijiti vya mbao vya mm 20 kwa 20 vilivyogundishwa na kufungwa kwa skrubu ndani ya kuta, mm 25 juu ya ukingo wao wa chini. Vijiti hivyo ndivyo vinavyokaa juu ya kioo, na chini yake nilibandika utepe mwembamba wa sponji ngumu ili mbao isikutane na kioo moja kwa moja.

Mbao zenyewe zilikuwa plaiwudi ya mm 9 iliyounganishwa kwa gundi isiyopitisha maji, juu ya fremu ya misonobari ya mm 20 kwa 40. Wapo wanaosema plaiwudi ya mm 9 ni nyembamba mno kwa kazi hii, na wana haki ikiwa hakuna fremu. Ikiwepo, hakuna kinachopinda. Niliepuka kutumia mbao pana isiyo ya tabaka kwa sababu mbao ya namna hiyo hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila unyevu unapobadilika, na ndani ya kifuniko unyevu hubadilika kila siku taa zinapowaka na kuzimwa, ilhali tabaka za plaiwudi hupishana na kuzuiana. Ukuta wa nyuma niliufanya kuwa utepe wa sm 10 tu, sehemu iliyobaki nikaiacha wazi. Kifuniko kizima kilifika kilo 17, nami hukiinua peke yangu, ingawa siku hizi sina sababu ya kukiinua.

Kazi ya kuziba ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko ujenzi wote. Mara ya kwanza nilijenga kisha nikapaka. Mara hii nilikata vipande vyote, nikatoboa matundu yote, ya skrubu, ya bawaba na ya nyaya, nikajaribisha sanduku zima likiwa kavu, kisha nikalifungua na kukipaka kila kipande peke yake pande zote sita. Nilitumia epoksi, kimiminika cha kuchanganya sehemu mbili ambacho hukauka na kuwa kigumu. Mpako wa kwanza ulinyonywa na kingo za plaiwudi kama ardhi kavu inavyonyonya mvua ya kwanza, hata nikadhani nimesahau kupaka. Mpako wa pili ulibaki juu kwa viraka. Baada ya wa tatu kingo ziling'aa kama kucha. Kila tundu nililipaka ndani kwa kijiti chenye pamba, kazi ya kuchosha na isiyo na sifa, lakini nilikuwa nakumbuka machozi ya kutu. Juu ya epoksi nilipaka rangi, nyeupe ndani na kijivu nje, kisha nikaviacha vipande kwenye chumba chenye hewa kwa wiki tatu. Harufu ikiwapo, bado kuna kitu kinachotoka kwenye rangi, na kitu hicho kikifungiwa juu ya maji kitaingia majini.

Juu ya vyuma nilikuwa na ubishi na mjomba, ambaye alipenda bawaba za mchanganyiko wa shaba na zinki kwa sababu hazishiki kutu nyekundu. Ni kweli hazishiki. Lakini shaba huyeyuka kidogo kidogo katika matone, na konokono na kamba huumizwa na kiasi kidogo sana cha shaba ambacho samaki wangekistahimili. Nilitumia chuma kisichoshika kutu kwa kila skrubu na kwa bawaba ndefu inayokwenda urefu mzima wa paa. Kwa tangi la maji ya chumvi ningetafuta hasa kile cha daraja la 316, kinachostahimili chumvi zaidi. Mjomba alikubali, akisema konokono hawakuwahi kuwa wateja wake.

Alilolisisitiza yeye, na ambalo nisingelijua, ni mfereji wa kudondoshea. Mvuke hugeuka kuwa matone chini ya paa, matone hutembea kuelekea mbele, na yakifika ukingoni hukunja kona na kuteremka juu ya uso wa nje wa ukuta, yakiacha michirizi myeupe ya madini. Aliniambia nipitishe msumeno chini ya paa, sm 2 kutoka ukingo wa mbele, nichonge mfereji wa kina cha mm 3 kutoka mwisho hadi mwisho. Tone likifika kwenye mfereji haliwezi kuuvuka. Hukusanyika pale na kudondoka majini. Maseremala huchonga mfereji huohuo chini ya vizingiti vya madirisha. Nilisimama na tochi usiku wa kwanza nikitazama matone yakijipanga kwenye mstari ule, moja likivimba, likitikisika, likianguka, na nyuma yake jingine likisogea kuchukua nafasi.

Taa nilizibadilisha. Mihimili mitatu ya LED yenye jumla ya wati 90 ilichukua nafasi ya mirija, nikachagua iliyoandikwa IP67, alama inayomaanisha kwamba vumbi haliingii na kwamba taa huvumilia kuzamishwa kwa muda mfupi katika kina cha mita 1. Mihimili hiyo haikugusa mbao. Niliining'iniza kwenye vipande vya alumini, sm 4 chini ya paa, ili migongo yake yenye joto ipate hewa. Kidhibiti chake huzipunguza taa taratibu kwa dakika 40 kila jioni. Nililiweka hilo kwa ajili ya Cyprichromis, kwa kuwa niliwahi kuona kundi zima likirukaruka pale mtu alipozima swichi ghafla.

Feni zilinichanganya zaidi ya kitu kingine chochote. Nilinunua mbili za mm 120 za volti 12, zile za kompyuta, nikazifunga upande wa kushoto zikinyonya hewa yenye mvuke na kuitoa nje, kama inavyoelekezwa mara nyingi. Hewa ilitoka vizuri, ila kila chembe ya mvuke ilipitia katikati ya mota, na baada ya miezi mitano feni moja ilianza kulia, kisha ikasimama. Nilizigeuza. Sasa huvuta hewa kavu ya chumbani na kuisukuma ndani kwa kuielekeza juu ya uso wa maji. Hewa hiyo hutembea urefu wote wa tangi na kutokea upande wa pili kupitia uwazi wa nyuma, ambao ni mpana kuliko midomo ya feni zote mbili. Tangu nilipozigeuza hakuna feni iliyosimama tena.

Matokeo kwenye kipimajoto yalinishangaza hadi nilipokaa na kupiga hesabu. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu kilojuli 2,400. Tangi langu hupoteza lita 4 hivi kwa siku feni zinapofanya kazi, na hiyo ni sawa na kuondoa wati 110 usiku na mchana, zaidi ya taa zote zinavyoweza kuingiza. Joto la maji sasa husimama kati ya nyuzi 25 na 26, na katika siku za baridi huzima feni moja ili hita isipigane nayo. Gharama yake ni kujaza lita hizo 4 kila siku, na kukumbuka kwamba mvuke huondoka peke yake ukiyaacha madini yote nyuma. Mtu akijazia maji magumu, yaani yenye madini mengi, mfululizo bila kubadilisha maji ya tangi, ugumu hupanda mwezi hadi mwezi. Ukuta wa chumba ulio nyuma ya tangi nao niliupaka rangi isiyonyonya unyevu, baada ya kuona doa linaanza.

Kuhusu umeme sitasema mengi, ila hapa sikubali mzaha. Vifaa vyote vya kubadilisha umeme vimetoka ndani ya kifuniko na kukaa ukutani pembeni, juu ya kiwango cha maji. Kila waya huteremka chini ya soketi kisha hupanda tena kuifikia, ili tone linalotambaa juu yake lianguke sakafuni. Na mkondo mzima unapita kwenye kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwa miliampia 30. Kifaa hicho kimewahi kukata mara moja, hita ilipopasuka, nami mkono ulikuwa majini.

Kifuniko hiki kina kasoro zake. Paa na ukuta wa mbele vikifunguka pamoja huwa vizito upande mmoja, na mikono ya gesi ya kuliinulia paa niliyoifunga kwanza ilikuwa na nguvu hata ikaipinda fremu, kwa hiyo nimerudi kwenye fimbo ya kuegemeza ambayo hupotea kila wiki. Kidirisha cha kulishia nilikiweka kushoto, na samaki wa upande wa kulia wamejifunza kuchelewa. Rangi imepasuka mahali pamoja karibu na bawaba, ufa wa urefu wa ukucha, nami nauangalia kila ninapofungua.

Uwazi wa nyuma nimeuziba kwa wavu wa plastiki wenye matundu ya mm 6, uliobanwa kwa vijiti vinavyoweza kutolewa. Usiku, taa zikiwa zimekwisha kufifia, mara mojamoja husikika kishindo kidogo pale nyuma, kisha sauti ya maji kuruka. Juzi nilipoutoa wavu ili niusafishe nilikuta gamba moja limenasa kwenye uzi, dogo na jembamba. Nililiondoa kwa ukucha, nikahesabu samaki, wakatimia kumi na tisa, nikaurudisha wavu mahali pake.